"Lala Chali": Amri Inayoharibu Kazi Nzuri

Kazi ya hatua ya kwanza haina lawama: mapigo ya moyo wa mtoto yanasikilizwa, patografu inajazwa, mama anatembea na kuinama kila uchungu unapokuja. Kisha njia inafunguka sentimita 10, na mkunga anatamka: "Panda kitandani, ulale chali." Huo ni uamuzi mbovu. Mama akilala chali, mfuko wa uzazi unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, damu inayofika kwenye kondo inapungua, na mtoto ndiye anayeumia. Kifandugu, ambacho hurudi nyuma kupisha kichwa, kinabanwa na godoro. Mama anabaki kumsukuma mtoto kama anayepandisha mkokoteni mlimani. Halafu yanafuata yale tunayoyajua: kelele za "sukuma, sukuma!", mkasi, kuongezwa njia, na faili linaloandikwa kwamba mama alikosa nguvu. Nguvu alikuwa nazo. Aliyemlaza ndiye aliyempotezea.

Safu hii imeshavilalamikia vitanda vya vyuma vya kutundikia miguu, na haijachoka. Mfaransa François Mauriceau, aliyechapisha kitabu chake cha ukunga mwaka 1668, alisaidia sana kumhamisha mzazi kutoka kwenye kigoda cha kuzalia hadi kitandani, na aliyenufaika kwanza ni daktari, aliyepata kuona na kushika bila kuinama. Wakunga wa zamani waliinama. Ina May Gaskin wa Marekani alijifunza mbinu iliyotoka kwa wakunga wa jadi wa Guatemala: mabega ya mtoto yakikwama, mgeuze mama apige magoti na kushika chini kwa mikono. Ripoti ya mwaka 1998 ilieleza matukio 82 ya namna hiyo. Katika 68, mtoto alitoka bila mbinu nyingine yoyote. Ikiwa mkao huo unaokoa katika dharura, sioni kwa nini mzazi asiye na tatizo anyimwe.

Wapo wanaonijibu kwa utafiti wa Uingereza wa mwaka 2017 uliohusu wazazi wa mara ya kwanza waliochomwa ganzi ya uti wa mgongo: waliolala walijifungua wenyewe kwa asilimia 41.1, waliokaa wima kwa asilimia 35.2. Wausome vizuri. Waliolala walilala ubavu, si chali, na wazazi wengi wa wodi zetu hawapati ganzi hiyo. Hoja nzito zaidi ni ya damu. Mapitio ya mwaka 2017 ya tafiti zilizohusu wanawake zaidi ya 9,000 wasio na ganzi hiyo yalionyesha kwamba mkao wa wima hupunguza kuongezwa njia na kuzalishwa kwa vifaa, lakini huenda ukaongeza wanaopoteza damu zaidi ya mililita 500. Ushahidi wenyewe si wa daraja la juu, ila hatari hiyo siipuuzi. Dawa yake ni oksitosini mara mtoto anapotoka na kuipima damu kwa makini, mambo ambayo mzazi aliyelala chali naye anayahitaji.

Linabaki la wodi kujaa na mkunga kuwa mmoja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linataka mama achague mkao mwenyewe, na uchaguzi huo hauhitaji chumba kipya. Kulala ubavu kunawezekana kwenye kitanda kilekile chembamba, msamba unaonekana wazi, na mkono wa mkunga unaufikia.