Kota ya ng'ombe vijana: namba peke yake hainenepeshi

Ile barua ya kumuomba mkubwa wa provensi aweke kota ya ng'ombe vijana wanaotoka Zambia inazunguka mu kundi letu tangu wiki mbili, na wengi wamekwisha kutia jina. Mimi sijatia. Mmoja aliniandikia pembeni: "Enjenieri, we njo agronome, we njo ulifuga ngombe, juu ya nini unanyamaza?" Basi njo najibu hapa, mbele ya wote.

Barua inaomba kitu kimoja tu: serikali iandike idadi ya ng'ombe wa kunenepesha wanaoweza kuingia kwa mwaka, zaidi ya hapo wasipite. Nia ni nzuri. Mimi pia nimechoka kula nyama iliyopita Kasumbalesa wakati tuko na majani kutoka Lubudi hadi Mutshatsha. Lakini vile ilivyoandikwa, barua ni dhaifu, na udhaifu wake utamuumiza yule yule inayetaka kumtetea.

Sisi watu wa Kasulo, kota tunaijua. Mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kobalti kutoka inje ya inchi. Tangu tarehe 16 mwezi wa kumi ikaweka kota: tani 18,125 kwa kumaliza mwaka ule, halafu tani 96,600 kwa 2026 na vilevile kwa 2027. Ili kugawa, waliangalia hasa kila kampuni ilikuwa ikiuza kiasi gani zamani. Aliyekuwa mkubwa akabaki mkubwa. Kijana anayeshuka shimo mu parsele ya mtu hapa kwetu hana kota yenye jina lake. Kota ni karatasi, na kila karatasi iko na mwenyewe. Barua yetu haisemi popote karatasi hiyo atapewa nani. Mimi naogopa atapewa mwenye malori kumi, na mimi na wewe tutanunua ng'ombe kwake, kwa bei yake.

Nilitafuta mahali ambapo kota ya namna hii iliandikwa vizuri. Umoja wa Ulaya ulikuwa na kanuni namba 558 ya mwaka 2007, juu ya madume vijana wa kunenepesha tu. Idadi: 24,070 kwa mwaka. Uzito: usizidi kilo 300 kwa kila mnyama. Ushuru wa ndani ya kota: asilimia 16 ya bei, pamoja na euro 582 kwa tani. Lakini kilichonifurahisha ni sharti lingine: mwenye kuleta anaonyesha shamba ambako ng'ombe watakaa, na anaweka dhamana ya pesa kwamba watanenepeshwa siku 120 angalau. Asipofuata, dhamana inapotea.

Ona hesabu iliyofichwa hapo. Bila kikomo cha uzito na bila siku 120, mfanyabiashara analeta dume la kilo 400, analilaza usiku mmoja, kesho asubuhi liko buchani. Ku karatasi ameandika "ya kunenepesha". Barua yetu inaacha mlango huo wazi kabisa. Haitaji uzito, haitaji siku, haitaji dhamana. Inahesabu vichwa paka.

Lakini kanuni ya Ulaya nayo siikubali yote. Iliandikwa kwa watu ambao chakula cha mifugo kiko ghalani tayari. Inauliza ng'ombe atakaa wapi, haiulizi atakula nini, juu kule hilo si swali kubwa. Kwetu njo swali la kwanza.

Tuhesabu pamoja. Ng'ombe wa wastani wa kilo 250 anakula karibu kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Siku 120, ni zaidi ya kilo 700. Ng'ombe elfu moja, ni zaidi ya tani 700. Majani yetu ya pori ni mazuri mvua ikinyesha. Kufika mwezi wa saba yamebaki vijiti, protini hakuna, na ng'ombe anayekula hayo peke yake anapunguza uzito. Inabidi pumba, machicha ya bia, mashudu. Pumba inatoka ku mahindi, na mahindi mengi ya hapa yanatoka wapi? Kule kule Zambia. Mwezi wa nane 2024, Kongo ilipozuia bia na vinywaji vitamu kutoka Zambia, Zambia nayo ilifunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku kadhaa. Ukimfungia jirani mlango, jirani naye iko na mlango. Barua inataka kumzuilia Zambia ng'ombe na haina hata mstari mmoja juu ya pumba.

Tena kuna Indonesia, ambayo natamani kila aliyetia jina aisome. Inchi ile inanunua ng'ombe vijana wa Australia kwa kuwanenepesha. Waliweka kikomo cha kilo 350, halafu wakapunguza kota sana, juu walitaka kufika 2014 wakijitosheleza kwa nyama. Wazo kama letu kabisa. Bei ya nyama ikapanda. Bei ilipopanda, mfugaji mdogo akauza kila alichokuwa nacho, hata majike ya kuzaa. Walipohesabu ng'ombe 2013, walikuwa wamepungua kuliko hesabu ya 2011. Kota iliyopaswa kukuza kundi ilikula kundi. Na mwezi wa kwanza 2013 mkubwa wa chama kimoja kikubwa alikamatwa kwa rushwa ya kota ya nyama. Mwisho wa mwaka akahukumiwa kifungo cha miaka 16. Mwaka huohuo serikali ikaanza kulegeza, ikaangalia bei ya soko kwanza mbele ya kufunga.

Sasa niseme yangu, msione nacheza na vitabu. Mwaka 2023 mimi na mdogo wangu tulinunua madume matano, kila moja karibu kilo 190. Pesa ilitoka kwa baba: aliuza nusu ya parsele ya Kasulo, akatuambia, "Mushikimbie mu shimo, mufanye kazi ya masomo yenu." Muuzaji alisema ng'ombe wametoka Zambia. Karatasi ya veterineri hakuna. Hatukuuliza sana, bei ilikuwa nzuri. Tuliwaweka ku shamba ya kukodi, inje ya mji.

Wiki ya tatu, wawili walipata homa, tezi za chini ya masikio zikavimba, pumzi ikawa nzito. Ndigana kali, ile ya kupe. Niliisoma shuleni, nikaitambua siku ya pili. Dawa ilifika siku ya sita. Wote wawili walikufa. Watatu waliobaki waliingia kiangazi, pumba ikapanda bei, nikaanza kupunguza kipimo kwa aibu, kikombe kwa kikombe. Nilipowauza walikuwa wameongeza kilo 45 hivi kila mmoja kwa siku 120. Mu daftari ya masomo nilikuwa nimeandika 100. Baba hakunigombeza. Aliniuliza paka: "Sasa ile masomo haikusema kama ngombe inakula?" Mpaka leo sina jibu.

Kama kota ya barua ingekuwepo mwaka ule, ingenisaidia wapi? Wale wawili wangekufa vilevile. Wale watatu wangekonda vilevile. Tofauti moja tu: ningewanunua kwa bei ya juu zaidi.

Kwa hiyo sisemi mipaka ibaki wazi. Kikomo nakikubali, lakini barua iandikwe upya na mambo haya ndani:

Moja, karantini ku mpaka, na karatasi ya veterineri kwa kila mnyama, kabla ya kuzungumza idadi. Ugonjwa hauhesabu kota.

Mbili, uzito usiozidi kilo 250, na siku 120 za kunenepesha kwa dhamana ya pesa, kama Ulaya walivyofanya. Kwa mfugaji mdogo, dhamana iwekwe na kundi lake, juu peke yake hataweza.

Tatu, sehemu ya kota, tuseme theluthi moja, iandikwe kwa makundi ya wafugaji wadogo, na orodha ya waliopewa ibandikwe mahali kila mtu anaweza kuisoma.

Ine, majike ya kuzaa yasiingie mu hesabu ya kota. Hayo njo tunayahitaji. Kuyazuia ni kukata mguu wetu wenyewe.

Tano, idadi itokane na tani za chakula tulizo nazo, ihesabiwe upya kila mwaka kisha mavuno. Hiyo kazi haiwezi kungoja mkubwa wa provensi. Ni ya kwetu. Kati yetu tuko na maagronome wangapi? Tupite ku vinu vya unga, tuulize pumba ni tani ngapi kwa mwezi. Tupande majani ya kukata mbele ya mvua kwisha. Hesabu hiyo ikiwekwa ukurasa wa kwanza, barua itasomwa tofauti.

Najua mmoja atasema nachelewesha mambo, kwamba tupate kwanza kota, mengine yatafuata. Mu kobalti tulisema vile vile, kwanza mambo ya wakubwa, mengine yatafuata. Tukiwa Kasulo, tuangalie tu mbele ya nyumba zetu kama yalifuata.

Barua ikirudi na hayo matano, jina langu litakuwa la kwanza. Anayeona nimekosea hesabu mahali, aandike hapa chini, na namba zake. Nitasoma yote.