Istilahi Zisemwazo Mbele ya Mgonjwa

Kuna istilahi ambazo maisha yake hupita ndani ya vitabu na majalada tu. Jina la kemikali au la sehemu ya mtambo likiundwa vibaya humchosha msomaji, basi. Lakini ziko nyingine ambazo hapana budi kutamkwa mbele ya mtu yule yule zinayemhusu. Makala haya yanahakiki chache za namna hiyo: zile zinazohitajika katika kuwafunza watumishi wa nyumba za wazee namna ya kuzungumza na mzee mwenye demensia juu ya matunzo yake ya siku za mbele.

Mfano wetu ni Pemba, ambako iko nyumba ya wazee ya Limbani, Wete, kama zilivyo Sebleni na Welezo kwa upande wa Unguja. Anayeishi katika nyumba kama hizi mara nyingi hana jamaa wa karibu wa kumsemea. Mtumishi asipozungumza naye mapema, wakati bado anaweza kusema alitakalo, baadaye mambo yote yataamuliwa na wengine: ale nini, apelekwe hospitali au abaki kitandani pake, nani aitwe, azikwe wapi. Neno baya hapa laweza kumnyima mtu kauli juu ya maisha yake mwenyewe.

Tuanze na jina la maradhi. Tafsiri kadhaa huandika "shida ya akili". Wengine husema "wazimu wa uzeeni". Yote mawili hayafai. Mzanzibari akiambiwa kwamba ana maradhi ya akili, mawazo yake huenda moja kwa moja Kidongo Chekundu. Mzee aliyesahau njia ya msikitini hujiona amekwisha kuhukumiwa, naye hunyamaza. "Ugonjwa wa uzee" nao unapotosha, kwa kuwa demensia hutokana na maradhi yanayoharibu ubongo. Si sehemu ya kawaida ya kuzeeka, na wengi hufika umri mkubwa bila kuipata. "Usahaulifu" ni neno la upole, lakini ni finyu. Humfaa hata mwanafunzi aliyeacha daftari nyumbani, wala halielezi mtu kukosa maneno, kushindwa kuhesabu fedha au kubadilika tabia.

Tatizo hili si letu peke yetu. Neno la Kiingereza lenyewe limetoka katika Kilatini, na asili yake ni kutokwa na akili. Mwaka 2004 Serikali ya Japani iliacha jina la zamani la maradhi haya, lililobeba maana ya upumbavu, ikachukua jipya linalotaja utambuzi. Atafsiriye neno kwa neno, basi, hurithi pia dharau ambayo wenyewe wanajaribu kuiacha.

Kiswahili kinayo njia yake. Tazama tofauti ya "kupoteza" na "kupotewa". "Amepoteza kumbukumbu" humfanya mzee kuwa mtenda, kama aliyepoteza ufunguo kwa uzembe. "Amepotewa na kumbukumbu" humfanya kuwa aliyefikwa na jambo, kama tusemavyo "amefiwa". Aliyefiwa hupewa pole, halaumiwi. Tena kitenzi hiki kina nafasi pana: mtu hupotewa na njia, na majina, na maneno. Kwa mazungumzo ya kitandani hatujaona bora kuliko hicho.

Huenda daktari akasema kwamba jalada linahitaji jina moja lisilobadilika. Ni kweli, na kwa kazi hiyo "demensia" latosha. Ukopaji si aibu. "Pensheni" pia ni neno la kigeni, lakini tangu Aprili 2016, ilipoanza Pensheni Jamii ya Zanzibar kwa wenye miaka 70 na zaidi, wazee wamelizoea bila ya kufunguliwa kamusi. Kosa ni kudhani kwamba neno la jalada lazima liwe ndilo la kumwambia mgonjwa.

Jambo la pili ni mazungumzo yenyewe. "Wasia hai" ni tafsiri ya sisisi, tena yenye hatari. Kwa Waislamu wa Pemba wasia una sheria zake: hugusa mali, hauzidi theluthi, na hutekelezwa baada ya kifo. Mzee akiombwa wasia hudhani kwamba ajali yake imekaribia. Jamaa akisikia huuliza habari za urithi. Tunapendekeza "kauli ya matunzo", kwa sababu ni neno la mtu aliye hai, naye aweza kulibadili kesho.

Hata viambishi vina uzito. Mtafsiri aandikapo "utakaposhindwa kusema" ametabiri. Aandikapo "ukishindwa kusema" ameacha mlango wazi. Mafunzo yanayosema "Ungependa mipango gani katika hatua ya mwisho ya uhai wako?" yamemkabidhi mtumishi swali asiloweza kulitamka mbele ya mtu mzima kwa adabu. Afadhali: "Babu, Mungu akitupa uhai, ikitokea siku huwezi kutueleza, tumwulize nani?" Anyamaze, asubiri. Kisha: "Na kitu gani hutaki tukufanyie?" Swali moja kwa wakati mmoja, lirudiwe siku nyingine, maana jibu la asubuhi huenda lisiwe la jioni.

Kwa muhtasari tunapendekeza:

1. Demensia: kwa majalada na vitabu.
2. Kupotewa na kumbukumbu: kwa mazungumzo na mzee na jamaa zake, pamoja na njia, majina au maneno kadiri ya hali yake.
3. Kauli ya matunzo: kwa yale ayatakayo mzee juu ya kutunzwa kwake.
4. Wazee: kwa wanaoishi katika nyumba hizo. "Wakaazi" libaki katika hesabu za sensa, na "wateja" lirudi dukani.

Kabla ya kamati kulipitisha neno la namna hii, tunashauri lipelekwe kwanza Limbani, lisemwe kwa sauti mbele ya mzee, na uso wake utazamwe. Tunawaomba walimu, watafsiri na watumishi wa afya, hasa walioko Pemba, watuletee maneno wanayoyasikia huko.