Nafasi Tupu Ndani ya Ganda

Risasi ya .30-06 Springfield ilipokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1906 kwa kazi moja tu, vita. Ganda lake ni refu na pana kwa sababu lilitakiwa kubeba baruti ya kutosha kurusha kichwa cha greni 150, yaani gramu 9.7 hivi, kwa kasi ya mita 820 kwa sekunde. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, kuna Wamarekani wanaoipenda risasi hiyo ambao hawaendi vitani wala mawindoni. Wanakwenda uwanja wa shabaha Jumamosi, wanalala nyuma ya bunduki kuukuu ya bolti, ile inayopakiwa kwa mkono kila risasi, na wanataka kutoboa karatasi iliyo mita 100 mbele yao bila bega kuuma. Ndiyo maana wanajaza risasi zao wenyewe, kwa mkono, zikiwa na nguvu pungufu.

Kwa Tanzania na Kenya, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, kwa hiyo msomaji wa huku aisome kazi hii kama fizikia ya mlipuko, asiichukue kuwa ruhusa. Na hata kule ambako inaruhusiwa, kipimo hutoka katika kitabu kilichochapishwa na mtengenezaji wa baruti husika. Hakibuniwi mezani.

Mtu asiye na uzoefu hudhani risasi ya nguvu ndogo ni jambo jepesi: chukua baruti ile ile, punguza kipimo, basi. Dhana hiyo ni ya hatari, na kuelewa kwa nini ni ya hatari ndiko kuelewa jinsi baruti inavyochaguliwa.

Baruti isiyo na moshi, ile ambayo Mfaransa Paul Vieille aliikamilisha mwaka 1884, kwa kawaida hailipuki kwa mpigo mmoja. Inaungua kuanzia juu ya punje kwenda ndani, tabaka baada ya tabaka, na mwendo wa kuungua huongezeka kadiri mgandamizo wa gesi unavyopanda. Moto huzaa gesi, gesi huongeza mgandamizo, na mgandamizo huharakisha moto. Mtengenezaji hutawala mzunguko huo kwa umbo la punje na kwa kemikali ya kuchelewesha moto inayopakwa juu yake. Punje ya bomba, yenye tundu katikati, inapungua upande wa nje huku tundu likipanuka, hivyo eneo linaloungua halibadiliki sana. Punje ya duara, aina ambayo Fred Olsen wa Western Cartridge aliibuni katika miaka ya 1930, hupungua eneo kadiri inavyoungua, kwa hiyo mara nyingi hutegemea zaidi kemikali ya kuchelewesha ili isianze kwa fujo.

Sasa punguza kipimo. Gesi ya mwanzo inakuwa chache, nafasi ya kuijaza ni kubwa, na mgandamizo unachelewa kupanda. Baruti iliyopakwa kemikali nyingi haishiki vizuri. Gogo kubwa haliwaki kwa njiti ya kibiriti. Kinachofuata huonekana kwa macho: punje mbichi ndani ya mtutu, masizi yaliyoteremka kwenye shingo ya ganda kwa sababu shaba haikutanuka vya kutosha kuziba chemba, na kasi inayoruka huku na huko kati ya risasi moja na nyingine. Hizo ndizo dalili za heri. Dalili ya shari ni kichwa kukwama katikati ya mtutu. Kichwa chenye koti la shaba kina msuguano mkubwa kwenye mifuo ya mtutu, na kikikosa msukumo kinasimama humo. Mpigaji akidhani risasi haikuwaka vizuri tu, akapiga ya pili, mtutu unaweza kupasuka.

Kuna jambo jingine baya zaidi. Baruti za polepole sana, zilizokusudiwa maganda makubwa ya kuwindia, zikipunguzwa mno zimewahi kuvunja bunduki nzima, ilhali hesabu ya kawaida ingesema mgandamizo utakuwa mdogo. Wataalamu wamelieleza kwa njia mbalimbali. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba fataki, yaani kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda, na moto wa kwanza hukisogeza kichwa hadi mwanzo wa mifuo, kikasimama hapo kwa kitambo kidogo, kisha baruti iliyobaki ikashika yote mbele ya mlango uliozibwa. Mabishano juu ya chanzo hayajaisha, lakini vitabu vya vipimo havibishani juu ya tahadhari: baruti ya polepole haipunguzwi chini ya kipimo cha kuanzia. Tahadhari haiishii kwa baruti za polepole: kwa H110, baruti ya punje za duara, kampuni ya Hodgdon inaonya isipunguzwe zaidi ya asilimia 3. Yaani nafasi ya kucheza karibu haipo.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ya kutafuta ni baruti inayokubali kuwaka sawasawa katika mgandamizo mdogo. Ya pili, ambayo kwangu ina uzito huo huo, ni kiasi cha nafasi inachochukua ndani ya ganda.

Kuna kundi la wajazaji wanaopenda baruti za kasi za bunduki za marisau, kama Red Dot, kwa risasi pole za bunduki kubwa. Hoja yao ina nguvu. Baruti hizo huwaka kirahisi hata zikiwa kidogo, na ni za bei nafuu kwa kila risasi. Pauni moja ina greni 7,000. Kwa greni 50 kwa risasi, pauni hiyo inatoa risasi 140. Kwa greni 13 inatoa zaidi ya 530. Mstaafu anayependa kupiga kila wiki haidharau hesabu hiyo, nami siidharau. Lakini kipimo kidogo namna hiyo huacha nafasi kubwa ndani ya ganda la .30-06, na mkono ukisahau ukamimina mara mbili, hakuna kinachomwagika. Juu yake kichwa kinaweza kubanwa vizuri kama kawaida. Baruti ya kasi iliyozidishwa mara mbili haisamehe. Wanaoitumia kwa usalama wana nidhamu ya kumulika kila ganda kwa tochi likiwa kwenye trei kabla ya kichwa kuingia, na nidhamu hiyo ni nzuri kwa baruti yoyote. Ila mimi napendelea mpango ambao kosa lenyewe linajitangaza.

Hapo ndipo baruti ya 4895 inapoingia. Ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani, kwa risasi ya .30-06 ya bunduki ya M1 Garand. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilibaki tele, na Bruce Hodgdon wa Kansas akanunua shehena ya ziada akawauzia wajazaji wa kiraia. Biashara yake ya baruti ilianzia hapo. Ile inayouzwa leo kwa jina la H4895 haitoki tena kwenye maghala ya vita. Inatengenezwa Mulwala, jimbo la New South Wales, Australia, ambako huitwa AR2206H. Ni punje fupi za bomba, zenye mwendo wa kati, na imetengenezwa ili kasi yake isiyumbe sana kati ya asubuhi ya baridi na mchana wa jua kali.

Tabia iliyoipa umaarufu kwa risasi pole ni kwamba inashika moto hata ikipunguzwa sana. Hodgdon wamechapisha kanuni kwa ajili ya vijana na watu wasiopenda teke kali: chukua kipimo cha juu kilichoorodheshwa kwa H4895 katika kitabu chao cha sasa, kwa risasi na kichwa husika, ujaze asilimia 60 yake, usishuke chini ya hapo. Kwa risasi maarufu za bunduki, matokeo huwa kati ya mita 460 na 640 kwa sekunde. Kanuni hiyo ni ya H4895 peke yake. IMR 4895 ina namba ile ile na historia iliyo karibu nayo, lakini ni baruti nyingine yenye meza zake. Anayebadilishana makopo kwa sababu namba zinafanana amevunja msingi wa kazi yote.

Tuliweke katika hesabu. Kichwa cha greni 150 kwa mita 820 kwa sekunde kina nishati ya joule 3,300 hivi. Kikishuka hadi mita 600, kinabaki na joule 1,750, zaidi kidogo ya nusu. Teke la bunduki hupungua zaidi ya hivyo, na sababu yake wengi huisahau: baruti nayo ina uzito, na gesi yake inatoka mdomoni mwa mtutu kwa kasi kubwa kuliko kichwa chenyewe. Ukitoa greni 20 za baruti umetoa pia sehemu hiyo ya msukumo. Kwa bunduki ya kilo nne, nishati ya teke inashuka kutoka joule 17 au 18 hadi 8 hivi. Bega linatambua tofauti hiyo kabla ya hesabu kuisema. Anayejifunza haanzi kufumba macho kabla ya kuvuta triga, na hilo peke yake huboresha shabaha kuliko darubini ya bei ghali.

Na nafasi? Asilimia 60 ya kipimo cha juu cha H4895 kwa .30-06 hujaza takriban nusu ya ganda. Mkono ukimimina mara mbili, baruti inafika mdomoni au inamwagika mezani. Kosa limejitangaza.

Bado kuna pengo juu ya baruti, na pengo hilo lina athari. Ganda likilala chembani, baruti inatandazwa kama kitanda chini, na inaweza kusogea mbele au nyuma kulingana na mtutu ulivyoelekezwa dakika iliyopita. Ikiwa karibu na fataki, inashika haraka. Ikiwa imekimbilia mbele, moto wa fataki unavuka hewa kwanza. Kipimo cha uungwana wa baruti ni hapa. Mpigaji makini huinua mtutu juu ndani ya eneo salama la uwanja, akaushusha taratibu, akapiga mfululizo mbele ya kipima kasi. Kisha huelekeza mtutu chini, akaunyanyua taratibu, akapiga mfululizo mwingine. Tofauti ya mita 30 kwa sekunde kati ya mifululizo hiyo, kwa kichwa cha mita 600, ni kama sentimita mbili za wima kwenye mita 100. Kwenye mita 200 ni sentimita saba hivi. Mtu anayelalamika kwamba matundu yake yanajipanga juu na chini kama ngazi angeanza na jaribio hili kabla ya kuilaumu darubini.

Wengine huziba pengo kwa pamba ya sufi au nyuzi za sintetiki, ili baruti ibaki nyuma. Siipendekezi. Inaongeza kitu kinachosafiri ndani ya ganda ambacho meza nyingi za vipimo hazikukihesabu, na kuna chemba zilizoharibiwa kwa kuvimba mduara pale vizibo hivyo vilipogonga kitako cha kichwa. Ikiwa mtu anataka risasi ya polepole kuliko H4895 inavyoweza kutoa, njia safi ni baruti iliyoumbwa ijaze ganda kwa uzito mdogo. Trail Boss ilikuwa hivyo: punje zake ni pete nyepesi zenye tundu kubwa, iliyobuniwa kwa mashindano ya bunduki za mtindo wa kauboi, na haitakiwi kushindiliwa hata kidogo. Kwa kichwa cha madini ya risasi kilichomiminwa kwenye kalibu, ambacho huteleza mtutuni kwa urahisi kuliko koti la shaba, ilikuwa chaguo bora. Shida ni kwamba imekuwa adimu madukani, na wajazaji wengi wamerudi kwenye Accurate 5744 na IMR 4227, zote mbili baruti zinazoshika moto kirahisi katika ganda lisilojaa.

Yapo mambo mawili ambayo baruti haiyatatui. M1 Garand yenyewe, ambayo 4895 ilizaliwa kwa ajili yake, haifai kwa risasi hizi: mfumo wake wa gesi unahitaji msukumo kamili ili ujipakie, kwa hiyo risasi pole ni za bunduki ya bolti. Na kwa risasi pole sana, pigo la fataki linaweza kulisukuma ganda mbele bila mgandamizo wa kutosha kulirudisha kitako nyuma, bega la ganda likarudi nyuma kidogo kila linapopigwa. Maganda ya risasi pole hutengwa, huwekewa alama, na hayachanganywi na ya nguvu kamili.

Masanduku pia hutengwa. Risasi ya mita 600 kwa sekunde na ile ya mita 820 hazipigi mahali pamoja hata bunduki ikiwa moja, na tofauti haiwi ya wima peke yake, kwa kuwa mtutu hutikisika kwa namna nyingine na upepo hupata muda mrefu zaidi wa kukisukuma kichwa. Juu ya sanduku huandikwa jina la baruti, kipimo chake, uzito wa kichwa, fataki, tarehe, na mibofyo ya darubini inayohitajika kutoka risasi moja kwenda nyingine.