Serikali Haina Dini: Tukosoe Hoja Mbili juu ya Utoaji Mimba

Katika mijadala ya elimu ya siasa hapa Kimamba, suala la utoaji mimba halikosi kuzuka. Likizuka, husikika hoja mbili. Ya kwanza yasema: dini zimekataza, kwa hiyo Serikali haina budi kukataza. Ya pili yasema: Serikali haina dini, kwa hiyo mapadri, wachungaji na masheikh wanyamaze. Zote mbili ni potofu, na ni wajibu wetu kuzikosoa bila kumwonea mtu haya.

Tuanze na ya kwanza. Wanaoishikilia huamini kwamba sheria tuliyonayo imetoka katika dini zetu. Sivyo. Imo katika Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1945 chini ya utawala wa Waingereza, na asili yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1861. Anayemtoa mwanamke mimba aweza kufungwa miaka 14. Mwanamke mwenyewe miaka 7. Anayetoa dawa au vifaa miaka 3. Waingereza walipanua ruhusa kwao mwaka 1967. Sisi tulirithi adhabu ya mkoloni, kisha tukaivika kanzu.

Tena, dini ipi? Kanisa Katoliki lakataza tangu mimba kutungwa. Miongoni mwa wanazuoni wa Kiislamu wapo wanaotofautisha kabla na baada ya siku 120, na wapo wanaoikataa tofauti hiyo. Serikali ikisema inafuata dini, lazima ichague mojawapo, na siku hiyohiyo raia wengine watakuwa wapangaji katika nchi yao. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 imetuepusha na hatari hiyo: imani ni hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi.

Hoja ya pili nayo haina nguvu. Ibara hiyohiyo inalinda haki ya kuhubiri. Padri akiwaambia waumini wake kuwa kutoa mimba ni dhambi, hajavuka mpaka wowote. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki, alipozungumza na watawa wa Maryknoll huko New York mwaka 1970, alilitaka Kanisa lishiriki kupambana na umaskini na dhuluma; hakulitaka linyamaze. Mwaka 1992 Serikali ilitia sahihi makubaliano na makanisa kuhusu huduma za jamii, na huko Mikumi hospitali ya St. Kizito ni ya Kanisa. Kutenganisha dini na Serikali si kuwafukuza waumini uwanjani. Maana yake ni kwamba dhambi hushughulikiwa na dini kwa mafundisho, bali kosa la jinai lazima lielezwe kwa sababu ambazo raia wa dini yoyote, au asiye na dini, aweza kuzipima.

Basi tuzipime. Watafiti walikisia kwamba mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa nchini. Sheria haikuzizuia, ilizificha. Na hapa ndipo tabaka linapojitokeza. Mwenye fedha hupata daktari na usiri. Binti wa kibarua wa mkonge hupata mizizi na vijiti, kisha huogopa kwenda hospitali Kilosa akidhani askari anamngoja wodini. Hadi Novemba 2021, mwanafunzi wa shule ya Serikali akipata mimba, darasa pia lilikuwa limemfungia mlango.

Makada wengi hawajui kwamba kifungu cha 230 cha Kanuni hiyohiyo kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Wala hawajui kwamba mwaka 2007 nchi yetu iliridhia Itifaki ya Maputo, inayotaka ruhusa pia kwa mimba za kubakwa, za ndugu wa damu, na zinazohatarisha afya ya mama. Kati ya ahadi hiyo na sheria yetu lipo pengo. Lijadiliwe Bungeni na vijijini kwa lugha ya afya, haki na usawa.

Nasi tujikosoe: tumelikwepa suala hili kwa kuogopa mimbari. Kada asijifiche nyuma ya mimbari, wala asiitukane. Anayetokwa damu apelekwe hospitali kwanza. Yaliyo baina yake na Mungu wake si kazi ya tawi la Chama kuyahukumu.