Kabla Ngamia Hajapiga Magoti

Alfajiri ya siku ya kuhama, katika boma la wafugaji nje ya mji wa Garissa, jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni kwamba ngamia wa mizigo hajaguswa. Bado yuko zizini, anacheua. Nyumba nayo bado imesimama. Lakini anayechungulia ndani huikuta imebaki ganda tu. Vyombo vya maziwa vimeshasafishwa, vimefukizwa moshi na kufunikwa. Vikorokoro vimeingia vikapuni. Kamba zimetengwa, ndefu upande huu na fupi upande ule, kila moja mahali ambapo mkono utaifikia bila macho kuitafuta. Mama mwenye nyumba alianza kuhama tangu jana jioni, na hakuna aliyemwona akihama.

Nyumba yenyewe ni ya fito na mikeka. Wengi huku Kaskazini Mashariki mwa Kenya huiita herio. Ng'ambo ya mpaka, Somalia, jina lake ni aqal. Ni nyumba ya mwanamke kwa kila hali: wanawake ndio huijenga, wao ndio huibomoa, na maisha yake huanza ikiwa mali ya bibi harusi, aliyoandaliwa na mama yake pamoja na jamaa na majirani wa kike waliokaa miezi wakisuka. Mifupa yake ni fito ndefu zilizopindwa zikawa nusu duara. Nyama yake ni mikeka, mingine ya nyasi, mingine ya nyuzi zilizotolewa kwenye maganda ya miti na kulainishwa kwa kazi ngumu. Haina msumari hata mmoja.

Utaratibu wa kuibomoa ndio wa kutazamwa kwa makini. Mikeka minene ndiyo hushuka mapema, na mikeka hiyo hiyo ndiyo inayohitajika kwanza mgongoni mwa ngamia, kwa sababu nundu na mbavu lazima zipate mto kabla ya kitu kigumu kuzigusa. Basi mkeka uliokuwa ukuta usiku kucha hugeuka tandiko asubuhi. Baada ya mikeka hufuata fito. Nazo hazipakiwi kama mzigo wa kawaida: hufungwa huku na huku ubavuni, mikunjo yake ikielekea juu, zikawa kiunzi cha kushikilia kila kitakachofuata. Vyombo vya maji na maziwa huning'inizwa pembeni kwa uzito uliosawazishwa. Juu kabisa hukaa mikeka myepesi, na pengine mtoto mchanga, bibi kizee, au mwana-mbuzi aliyezaliwa jana asiyeweza mwendo.

Jioni, kwenye malisho mapya, mambo hugeuka kinyumenyume, na hapo utaratibu ule huonyesha akili yake. Kilichopakiwa mwisho hushuka kwanza. Fito hutoka kabla ya mikeka minene, na nyumba inataka fito kabla ya mikeka hiyo. Kifaa hutoka mgongoni kikaenda moja kwa moja kwenye kazi yake, hakirundikwi chini kikasubiri zamu. Ngamia hupiga magoti mara moja asubuhi na mara moja jioni, na muda anaokaa chini umepunguzwa hadi ukawa ule tu usioweza kuepukwa. Mnyama aliyelazwa na mzigo nusu huchoka, hukasirika, husimama ghafla, na vibuyu huvunjika. Wanawake wa nyika walilijua hilo kabla ya viwanda kuwako.

Viwanda vililijua kwa taabu. Mwaka 1950 mhandisi wa Kijapani, Shigeo Shingo, aliitwa katika kampuni ya Toyo Kogyo mjini Hiroshima, ile ambayo leo inajulikana duniani kwa jina la Mazda. Mashine kubwa za kukandamiza bati, za tani 350, 750 na 800, zilikuwa zinachelewesha kiwanda kizima, na wakubwa walitaka kununua nyingine. Shingo aliomba kwanza aruhusiwe kutazama. Siku ya tatu, mafundi walisimamisha mashine ya tani 800 ili kubadilisha kalibu, yaani lile umbo zito la chuma linaloipa bati sura yake. Fundi mmoja akaanza kukimbia huku na huko. Bolti moja ya kufungia kalibu ilikuwa haionekani. Akatoweka kwa zaidi ya saa nzima, kisha akarudi anatokwa jasho: bolti hakuipata, amechukua iliyo ndefu kwenye mashine ya jirani, akaikata na kuitengeneza upya iingie. Shingo akajiuliza: na mashine ile ya jirani, ikifika zamu yake, itafanyaje?

Katika bolti hiyo moja ndimo alimouona ukweli mzima. Kubadilisha kalibu kuna kazi za aina mbili. Kuna zinazolazimu mashine isimame, kama kulitoa kalibu la zamani na kuliweka jipya. Na kuna zile ambazo zingeweza kumalizwa mashine ikiwa bado inafanya kazi: kutafuta bolti, kuleta spana, kusogeza kalibu jipya karibu, kukagua kama ni zima. Kiwanda kilikuwa kimezichanganya zote, kikazilipia zote kwa muda wa mashine. Shingo alipanga bolti na vifaa vya kila kazi katika masanduku yake mapema, na ufanisi wa mashine zile ukapanda kwa asilimia 50 hivi.

Miaka 19 baadaye, mwaka 1969, akaitwa Toyota. Mashine ya tani 1,000 ilikuwa inachukua saa nne kubadilishwa kalibu, hali Volkswagen huko Ujerumani walikuwa wakimaliza kazi kama hiyo kwa saa mbili. Baada ya miezi sita saa nne zikawa dakika 90. Wakubwa hawakutosheka, wakataka dakika tatu. Agizo hilo lilionekana la kichaa, lakini baada ya miezi mitatu mingine lilitimia. Siri ilikuwa kuzidi kuzihamisha kazi, moja baada ya nyingine, kutoka wakati wa mashine kusimama hadi wakati wa mashine kufanya kazi, kisha kuzipunguzia muda zile zilizobaki. Shingo aliichukia sana bolti. Ikiwa lazima izungushwe mara 15, alisema, ni mzunguko wa mwisho tu unaokaza. Mingine 14 ni matembezi. Kamba ya maganda ya mti haina matembezi hayo.

Mjini Garissa, Land Cruiser za Toyota hiyo hiyo ndizo zinazopita mchangani kwenda Dadaab, Wajir na Mandera. Mama anayezitazama zikimpita akiwa na msafara wake hana habari kwamba yeye na waliozitengeneza wana elimu moja.

Mtu anaweza kuuliza: haraka yote hii ya nini? Kiwandani jibu ni dogo lakini zito. Mashine ikichukua saa nne kubadilishwa, hakuna anayetaka kuibadilisha. Atatengeneza milango elfu nyingi ya aina moja, airundike ghalani, ipate kutu naye apate hasara, ili tu asirudie taabu ile. Kubadilisha kukiwa kwepesi, anaweza kutengeneza kidogo kidogo, kile kinachotakiwa leo. Wepesi wa kubadilisha ndio unaompa uhuru wa kuyafuata mahitaji yanavyokwenda.

Sasa tuirudishe hesabu hiyo nyikani. Garissa hupata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka, na hata hizo hazinyeshi kwa usawa. Wingu linaweza kumwaga bonde moja na kuliacha la pili, mwendo wa nusu siku, likiwa jivu. Familia ambayo kuhama kwake ni mkasa wa wiki nzima itakaa hapo ilipo hadi jani la mwisho liishe. Ile inayofungasha asubuhi na kulala kwingine jioni inaweza kuifuata mvua ndogo, ikala kidogo hapa, kidogo pale, na kuiacha ardhi ipumue. Wepesi wa mikono ya mama, basi, ni sehemu ya afya ya malisho. Wataalamu wa nyanda kame wameandika mengi kuhusu mifugo na nyasi. Mikono hiyo ilistahili kutajwa zaidi.

Wanaume nao wana sehemu yao katika kazi inayofanywa kabla ya kusimama. Wasomali huiita sahan: watu wachache hutumwa mbele kukagua majani, maji, maradhi na majirani, huku boma likiendelea na maisha yake. Hakuna fito inayong'olewa kabla hawajarudi na habari. Shingo angeitambua mara moja. Ni kulikagua kalibu jipya wakati la zamani lingali likifanya kazi.

Elimu hiyo ina mahali pengine pa kuonekana, napo ni kisimani. Wakati wa kiangazi kikali, kama kile cha kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, kisima kirefu chenye jenereta huwa ndiyo mashine pekee ya eneo zima. Ngamia, ng'ombe na mbuzi hupanga foleni mchana na usiku. Jenereta ikizimika, kila saa ina mizoga yake. Hapo kuna mafundi wa aina mbili. Wa kwanza hufika mikono mitupu, akafungua, akatikisa kichwa, akarudi mjini kutafuta mkanda wa injini. Wa pili huuliza kwa simu kabla ya kuondoka: jenereta ya aina gani, ilizimikaje, ilitoa moshi wa rangi gani? Akapakia mkanda, chujio, mafuta na spana zinazohusika. Wote wawili wanajua injini sawasawa. Tofauti yao ni ile ile ya Hiroshima, na huyu wa pili anastahili kulipwa mara mbili.

Herio zinapungua. Ukame umewamalizia wengi ngamia, na asiye na ngamia hana sababu ya kuwa na nyumba ya kupakiwa. Mahali pa mkeka pameingia turubai na magunia, hata nguo kuukuu. Kandokando ya visima na barabara vimeota vijiji vya mabati. Bati si adui. Watoto wanataka shule, wagonjwa wanataka zahanati, na hakuna mwenye haki ya kumwambia mama aendelee kusuka ili wengine wapate cha kusifu. Lakini nyumba isiyohama huwafanya mbuzi wale pale pale kila siku, na anayetembea kuzunguka vijiji hivyo huona duara la ardhi tupu likipanuka. Waliobaki na mifugo mingi siku hizi hukodi malori kuhamishia mbuzi na vyombo kuzifuata mvua za mbali. Dereva hulipwa hata akingoja. Na kila anayesimulia safari hizo husema jambo moja: boma lenye bibi aliyelelewa kwenye herio hupakia lori likiwa bado halijazima injini.

Garissa ina chuo kikuu, na ina North Eastern National Polytechnic, ambapo vijana hufundishwa umeme, ujenzi na mitambo. Siku moja watafundishwa pia habari za Shingo na dakika zake tatu, na ni vyema. Walimu wao wanaombwa jambo moja kabla ya siku hiyo. Wamwalike bibi mmoja kutoka pande za Modogashe au Hulugho, aje na mikeka yake, fito zake na ngamia wake, alipwe ada kama mtaalamu yeyote anayeitwa kufundisha, aijenge nyumba uwanjani na kuihamisha mbele ya wanafunzi. Wao wapewe saa, kalamu na daftari, wakae kimya, na waanze kuhesabu tangu jana yake jioni.