Mche mweupe si ‘zeruzeru’: Tuchunge istilahi za sayansi

Majuzi nikiwa Garsen, Kaunti ya Tana River, mzee mmoja mkulima alinionyesha miche miwili ya mahindi, myeupe pepepe, katikati ya mingine iliyonawiri. “Mwalimu, haya mahindi ni zeruzeru. Shamba limeingia mkosi.”

“Hakuna mkosi hapo, mzee,” nikamjibu. “Ni urithi tu.”

Hapa lugha inatuponza mara tatu. Kwanza, ‘zeruzeru’ ni jina la kudhalilisha. Mtu huyo ni mtu mwenye ualbino. Tena ulinganisho wenyewe haufai. Yeye amepungukiwa melanini, rangi ya ngozi, nywele na macho. Akijikinga na jua ataishi hadi uzeeni. Mche mweupe umekosa klorofili, inayonasa nuru ili mmea ujipikie chakula. Akiba ya punje ikiisha, baada ya wiki mbili hivi, hufa. Kuwaita kwa jina moja ni kumtabiria binadamu mauti, na kumbandika mkosi usio wake. Tunajua fika imani kama hizo zimeua watu Afrika Mashariki.

Pili, tunasema ati mmea ‘hurithi ukijani’. La hasha! Hurithi jeni, yaani maelekezo ya kutengeneza klorofili. Mahindi mawili ya kijani, kila moja likibeba nakala moja mbovu ya jeni ileile, huweza kuzaa mche mweupe, kwa wastani mmoja kati ya 4. Jani la manjano nalo ni jambo jingine. Huenda udongo umepungukiwa nitrojeni au chuma. Anayechanganya haya ataitupa mbegu nzuri bure.

Tatu, wapo wanaoiita klorofili ‘umbijani’. Neno tamu, lakini lina ‘jani’ ndani yake, ilhali mwani hauna majani ya kweli na klorofili unayo. Isitoshe, aina nyingi za mwani huitengeneza hata gizani, kwa kuwa zina jeni ambazo mahindi na choroko hazina. Ndiyo maana choroko zikioteshwa gizani hutoka za manjano. Mimi nitashikilia ‘klorofili’.

“Sasa hii tuiiteje?” mzee akauliza.

“Mche uliokosa klorofili.”

Akacheka. “Refu mno hilo, mwalimu. Si useme tu mche mweupe?”

Nikakubali. Mzee alinishinda kwa Kiswahili chepesi.