Mji Uliojengwa kwa Megabaiti 32

Kijana wa Dar es Salaam aliyekulia kwenye mabanda ya gemu huenda anaijua Grove Street kuliko anavyoijua Masaki. Anajua kona ya kukata akifukuzwa na dola, ukuta wa kuruka, mahali baiskeli inapopatikana. Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka Oktoba 2004 kwa PlayStation 2, na diski zake, nyingi zikiwa za kurudufiwa, zikapata njia mpaka Kariakoo na kuuzwa pamoja na filamu za Kihindi na za Kinijeria. Wazazi waliona gemu ya majambazi, na majambazi kweli wamejaa humo. Lakini chini ya bunduki zile kuna kazi ya ufundi ambayo sijaona ikisifiwa inavyostahili kwa Kiswahili: kazi ya kujenga mji.

Tazama mwanzo wake. Mwaka ni 1992. Carl Johnson, CJ, anarudi nyumbani kumzika mama yake. Hata kufika hajafika, afisa wa polisi mla rushwa aitwaye Tenpenny, ambaye sauti yake ni ya Samuel L. Jackson, anampora pesa na kumtupa kwenye uchochoro wa mahasimu wa mtaa wake, Grove Street. Pale pana baiskeli. Mafundi wa Rockstar North, kampuni ya Edinburgh, Uskoti, wangeweza kumpa gari la kifahari ili mchezaji afurahi mapema. Wakampa BMX, nawe inabidi uibonyeze pedi harakaharaka ili miguu yake izungushe pedali. Kwa mwendo huo unaona kila kitu: vijumba vya chini vyenye baraza, nyaya za umeme juu ya njia, vijana wa nguo za zambarau wanaokukodolea macho. Baadaye zambarau inapungua, kijani kinaanza, umefika kwenu. Mipaka ya mtaa umeshaijua, na aliyekufundisha ni vidole vyako vilivyochoka.

Sasa fikiria walikuwa na nini mkononi. PlayStation 2 ilikuwa na megabaiti 32 za kumbukumbu kuu, nafasi ambayo picha chache za simu ya leo zinaijaza. Mafundi walitaka miji mitatu, Los Santos, San Fierro na Las Venturas, pamoja na mashamba, jangwa na mlima, tena mchezaji apite kote bila kusubirishwa mlangoni mwa kila mtaa. Vyote haviwezi kukaa ndani kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mashine inausoma mji kutoka kwenye diski kipande kwa kipande: mtaa ulioupita unafutwa, ulio mbele unapakiwa kabla hujaufikia. Jengo la mbali linachorwa kwa mistari michache tu, ukilisogelea linapewa madirisha na nyufa. Mpita njia uliyempita, ukigeuka kumtafuta, hayupo.

Na ule utusitusi wa rangi ya chungwa juu ya Los Santos, ambao waliocheza wanaukumbuka kama jua la jioni? Ndio uliokuwa ukificha mahali uwezo wa mashine unapokoma. Los Angeles yenyewe, mji ulioigwa, inajulikana kwa moshi wa magari unaotanda angani, basi pazia likageuka kuwa hali ya hewa. Kila nikilifikiria hilo nawavulia kofia.

Redio za ndani ya gari zinastahili insha yake. Niseme tu kwamba mtu aliyepanda daladala maisha yake yote anaelewa haraka kwa nini muziki wa dereva unabadilisha sura ya barabara ileile.

Wanawake wamechorwa vibaya humo, na hilo silitetei. Lakini kwa mtu wa Kariakoo kuna pengo jingine, kubwa sana: katika Los Santos hakuna anayefanya biashara kweli. Ukiingia duka la nguo la Binco, bei ni moja, lipa au toka. Hakuna kupatana. Hakuna muuzaji anayekuambia “njoo basi, una ngapi?” wakati umeshampa mgongo. Watu wanatembea, wanatukana, wanakimbia risasi, lakini hawahangaikii riziki.

Kwa hiyo mtu akitaka kuijenga Kariakoo ndani ya mashine, michoro haitamsumbua. Mitaa imenyooka, Kongo, Sikukuu, Mkunguni, Swahili, inakatana kama iliyopigwa rula. Soko kuu lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975 lina paa la miavuli ya zege na soko jingine shimoni, jengo ambalo mchoraji yeyote wa gemu angelipenda. Kazi iko kwa watu. Msimbazi saa kumi jioni kila mtu ana anakokwenda na anachobeba: guta, mkokoteni, bajaji, mama mwenye marobota ya vitenge, mchukuzi anayepiga kelele “mzigo, mzigo!” nyuma ya kisogo chako. Huwezi kumfuta mtu huyo eti kwa sababu umegeuka. Atakugonga.

Uhalifu wenyewe ungehitaji kanuni nyingine. Tapeli wa simu hana bunduki. Anakuonyesha simu nzima, anaifunga mbele ya macho yako, ukifika nyumbani unafungua kipande cha sabuni. Huo ni ufundi wa vidole na maneno. Tena San Andreas inahesabu kosa lako kwa nyota, kuanzia moja hadi sita, na kila nyota inaleta polisi zaidi. Kariakoo linatosha neno moja: “Mwizi!” Linaruka kutoka kinywa hadi kinywa, linakutangulia kila kona, na umati haukuulizi kama ni kweli. Wasio na hatia wameuawa hivyo katika mji huu. Gemu ya kweli ya Dar es Salaam ingemfanya mchezaji aliogope neno hilo kuliko helikopta. San Andreas ina kipimo cha heshima, na kazi yake kubwa ni kukuongezea vijana wa kukufuata vitani. Hapa heshima ingekuwa mwenye duka mmoja anayejitokeza mlangoni na kusema, “Huyo namfahamu, mwacheni.”

Mji huo kwa wino ulishajengwa. Faraji Katalambulla alitoa riwaya ya Simu ya Kifo mwaka 1965; Elvis Musiba akamleta jasusi Willy Gamba; Ben Mtobwa akamleta mpelelezi Joram Kiango, kisha akaandika Dar es Salaam Usiku. Visa, majina, mazungumzo, vyote vipo. Kilichobaki ni watu wa kuviingiza kwenye mashine. Wale wa Edinburgh walisafiri hadi Marekani kupiga picha za miji waliyotaka kuiiga. Wa kwetu watapanda basi la mwendokasi na kushuka Gerezani, nami ningewashauri waanze na kinasa sauti kabla ya kamera, maana Kariakoo unaisikia kabla hujaiona.